Nyongeza Ndani ya Silinda

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haja ya kuficha. Pale gereji kwangu Garsen, nikidondosha spana tu, wateja husogea nyuma bila kuambiwa. Nimegombana na madereva wa malori, na wauza vipuri, na jogoo mmoja aliyekuwa akiwika juu ya boneti huku mimi niko chini ya gari. Lakini kuna mtu mmoja ambaye sijawahi kumpandishia sauti, wala sitarajii, naye ni mama mkwe wangu.

Si kwamba hajawahi kunichokoza. Ni kwamba mkwe ni mkwe. Mimi Mpokomo wa Ndera, mke wangu Muorma, na watu wetu wa pande hizi mbili wana mengi wasiyopatana, ila kwa hili wamepatana kabisa: mbele ya mama mkwe macho yako yawe chini, na ukiwa na neno naye unampa mkeo alipeleke. Hata kama mama mwenyewe amekaa hapo hapo na amesikia kila kitu. Unasema, "Mwambie mama hivi," mke anageuka anasema hivi, mama anajibu, "Mwambie fundi vile," mke anageuka tena. Mke wangu huiita kazi hiyo ukarani. Na kama karani yeyote aliyechoka, mara nyingine hupeleka ujumbe anavyotaka yeye.

Marehemu baba mkwe aliacha ng'ombe, watoto na gari. Ng'ombe waligawanywa, watoto wakaoa na kuolewa, gari likabaki. Ni gari dogo la petroli la miaka ya themanini, alilolinunua kwa mhandisi mmoja wa kigeni wa mradi wa umwagiliaji kule Bura, mhandisi akirudi kwao. Wakati huo baba mkwe alikuwa fundi wa pampu kwenye mifereji ya Bura, anarudi nyumbani Garsen kila mwisho wa wiki. Kilicholifanya gari lile lisemwe mtaani ni turbo. Siku hizi turbo iko kwenye kila pikapu ya dizeli, lakini zama zile, kwenye gari dogo la petroli, watu waliitana waje watazame. Na turbo ile ilikuwa inapiga filimbi. Ukikanyaga mafuta inaanza sauti nyembamba, inapanda, inazidi kupanda, mpaka mbuzi wanainua vichwa.

Mama mkwe alikuwa akiisikia hiyo filimbi kabla hajaona vumbi. Akiisikia anabandika chai. Gari likiingia uani, chai imeiva, na mume akishuka, hata kama siku hiyo amewahi kuliko siku zote, anapokewa kwa neno moja: "Umechelewa." Kisha anamiminiwa kwenye kikombe chake, kikombe kikubwa cha bati, cha kijani. Haya nimesimuliwa na mke wangu. Nilichokiona mimi kwa macho yangu ni kikombe chenyewe, kimetundikwa kwenye msumari jikoni, kinaoshwa na vyombo vingine lakini hakuna anayekinywea.

Gari nililikuta limekufa. Lilichemka njiani mzee akiwa bado hai, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda kwa joto, likasukumwa nyuma ya nyumba, kuku wakahamia. Nilipooa katika nyumba ile, kiti cha nyuma kilikuwa wodi ya wazazi ya kuku wa mtaa mzima. Kila nikienda kusalimia nilikuwa naliangalia kwa pembe ya jicho, maana ndiyo pembe pekee niliyoruhusiwa kuangalizia kitu katika ua ule.

Sasa, nina shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Ni mtu mwema, lakini ana simu mbili na hawezi kuona kitu kimekaa bila kukitafutia mnunuzi. Siku moja akatukusanya uani akatuambia amepata watu wa vyuma chakavu, wana lori, wanakuja kulibeba gari kabla mvua hazijaanza. Mvua zikianza, udongo wetu ule mweusi, hata punda hapiti, sembuse lori. Akazungumza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayeuza kiwanja. Nikamsikiliza mpaka aliposema, "Na kwa kweli hakuna fundi Garsen hii anayeweza kuliamsha."

Nilisimama. Nilisema mimi nitaliamsha, na nitaliamsha na turbo yake, na filimbi yake, na wale kuku watafute pa kuzalia. Nilisema kwa sauti ya gereji. Halafu nikakumbuka mama mkwe amekaa nyuma yangu, nikashusha macho nikaketi.

Mama mkwe akamwambia mke wangu, "Mwambie fundi, likipiga filimbi, gari linabaki. Lisipopiga, hilo ni bati tu, walichukue. Sitaki kulitazama likiwa limenyamaza." Mke wangu akanigeukia, na safari hiyo hakubadilisha hata neno.

Basi nikaanza. Injini nikaishusha, nikaifungua. Pistoni zilikuwa zimekwisha. Nikaagiza mpya kutoka Mombasa. Ile hedi iliyopinda nikaisafirisha mwenyewe mpaka Malindi, nimeipakata kwenye basi, kwa fundi wa mashine mmoja ambaye kazi yake ni kukwangua chuma mpaka uso wake unyooke. Akaikwangua. Nikarudi nayo inang'aa, nikaiweka juu ya meza ya gereji, na hapo ndipo akili ikanijia kwamba sijui kitu kimoja ambacho bila kukijua siwezi kufunga hata nati.

Nieleze, maana ndiyo kisa chenyewe. Pistoni ikiwa chini kabisa, silinda ina nafasi kubwa. Ikipanda mpaka juu, nafasi inayobaki ni ndogo, ni kile kishimo cha kwenye hedi na kidogo kilicho chini yake. Unachukua ile nafasi kubwa unaigawanya kwa ile ndogo, na jibu ndilo wenye vitabu wanaloliita uwiano wa mgandamizo. Sisi gereji tunaita kompresheni. Gari la kawaida linaweza kubeba kumi kwa moja na likaenda salama. La turbo haliwezi, kwa sababu turbo inaingiza hewa ambayo tayari imeshindiliwa. Ni kama gunia la mkaa: ukilijaza kwa mkono, unaweza kulikanyaga kwa mguu. Likija limeshashindiliwa, ukikanyaga tena linapasuka. Injini ikipasuka hivyo huanza kwa kugonga, kisha inatoboa pistoni, kisha fundi anahama mji.

Kwa injini ile ya zamani, na petroli yetu hii, nilitaka nane na nusu. Ikizidi tisa, turbo haifungwi. Na hedi ikikwanguliwa kile kishimo kinapungua, kwa hiyo kompresheni inapanda. Ilikwanguliwa kiasi gani, na je, ilishawahi kukwanguliwa na fundi mwingine kabla yangu? Mzee hakuacha neno. Njia ni moja tu, kukipima kishimo kwa kukijaza maji maji na kuhesabu yameingia mangapi.

Shemeji akaja gereji, akanikuta nimeitazama hedi. Akasema, "Si utoe tu hiyo turbo? Ufunge injini ya kawaida. Gari ni gari."

Nikamwambia aende akampigie mtu simu.

Vifaa vya kupimia nilivipata hivi. Bomba la sindano la mililita tano nililinunua duka la dawa za mifugo. Muuzaji akaniuliza nachanja ng'ombe wangapi, nikamwambia mmoja, na hana mkia. Kimiminika kilikuwa mafuta ya taa niliyoyatia oili nyekundu kidogo ili yaonekane. Kilichobaki kilikuwa kipande cha kioo cha plastiki, bapa, kisafi, cha kufunika kishimo huku unaona ndani. Garsen nzima nilikiona kimoja tu chenye unyoofu ninaoutaka, na kilikuwa sebuleni kwangu, kimefunika picha ya harusi yetu.

Mke wangu aliingia nikiwa nimeshakitoboa kwa msumari wa moto.

Sitasimulia yaliyosemwa. Kwa kifupi ni kwamba watu husema mimi ndiye mwenye hasira katika nyumba ile kwa sababu hawajamsikia yeye. Picha ikabaki wazi ukutani, mimi na yeye tunaingiwa na vumbi, na akaapa kwamba hatoshika sindano wala kumulika tochi katika shughuli iliyotuvua nguo mbele ya watu.

Hiyo ilikuwa shida, kwa sababu kazi ile inataka watu wawili. Unapaka grisi kuzunguka kishimo, unabandika plastiki, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Mtu mmoja anasukuma mafuta kwa bomba kupitia kile kitundu. Mwingine anainama na tochi, anatazama povu la hewa linavyopungua, na likiisha kabisa anasema basi. Shemeji alijaribu. Simu moja ikalia akamwaga, simu ya pili ikalia akamwaga tena. Nikaanza kupandisha sauti. Na hapo mama mkwe, aliyekuja kutuangalia maana hedi nilikuwa nimeileta uani kwake kwenye kivuli, akasema, "Mwambie fundi, mikono inayopima maziwa haitetemeki."

Ni kweli. Mama mkwe anauza maziwa sokoni tangu kabla sijazaliwa, au karibu na hapo. Akaketi upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Macho yangu yakawa kwenye povu, na hata yasingekuwa kwenye povu yasingekuwa kwake. Nilimwomba mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, amwambie mama avute mafuta mpaka mstari wa tano, asukume, na ahesabu kila bomba kwa sauti. Mke wangu akapeleka ujumbe bila kunitazama. Mama akaanza. "Moja." Taratibu, bila tone kuanguka. "Mbili." Wallahi nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kupata msaidizi wa namna ile gereji.

Povu lilipoisha alikuwa amehesabu mabomba tisa na mililita mbili za bomba la kumi. Arobaini na saba. Tukafanya kishimo cha pili, arobaini na saba. Cha tatu na cha nne, hivyo hivyo. Namba ikirudi sawa mara nne, fundi hana cha kuuliza. Silinda moja ya injini ile inameza mililita mia tano. Kishimo arobaini na saba, jumlisha kumi za gasketi na za bonde la pistoni, hamsini na saba. Nikapiga hesabu kwa chaki kwenye mlango wa gari lenyewe: mia tano hamsini na saba, gawanya kwa hamsini na saba. Jibu likaja tisa nukta saba, na zaidi kidogo.

Nikapiga tena. Ikaja ile ile.

Nilichukua simu nikampigia fundi wa Malindi. Sikumsalimia. Nilimwambia amekula chuma cha watu. Nilimwambia nilimpa hedi anyooshe, sikumpa muhogo amenye. Akasema alikwangua unene wa ukucha tu. Nikamuuliza ukucha wa nani, wa kiboko? Akasema mimi ndiye sijui kupima. Nikamwambia aliyenipimia amepimia watu tangu wewe unanyonya, na mkono wake haujawahi kulalamikiwa na mtu. Hapo nikakata, maana mama mkwe alikuwa jikoni na madirisha ya jikoni hayana vioo.

Jioni ile nilikaa na ile tisa nukta saba peke yangu. Gasketi nene ya kupunguza kompresheni kwa injini ile haipatikani Mombasa wala Nairobi. Labda katika nchi ya yule mhandisi. Kilichobaki ni ushauri wa shemeji, nitoe turbo, nifunge kawaida. Gari lingewaka, lingekwenda vizuri tu, na lingekuwa limenyamaza. Na mama alishasema likinyamaza lichukuliwe. Shemeji alikuwa ameshasoma ule mlango wenye chaki, akauliza maana yake, na ndani ya saa moja lori lilikuwa limeambiwa lije.

Niliumia. Nisiseme uongo, niliumia kuliko inavyofaa mtu kuumia kwa ajili ya gari. Nilikuwa nikikiona kile kikombe cha kijani kila nikifumba macho. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama turbo haifungiki." Akasema, "Ukarani wangu haufiki huko. Hilo kaseme mwenyewe."

Basi asubuhi nikaenda sokoni. Nilifikiri nitasimama mbali, nitatazama chini, nitasema haraka, nitaondoka. Mama alikuwa na wateja, nikajipanga nyuma yao kwenye foleni, maana sikujua pengine pa kujiweka. Na kwa sababu macho yangu yalikuwa chini, na yeye anakaa chini kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza tangu nioe nikajikuta naitazama mikono ya mama mkwe wangu ikifanya kazi.

Mteja wa kwanza alileta chupa. Mama akachota kikombe cha kupimia, akamimina. "Moja." Mteja hakuondoa chupa. Mama akarudisha kikombe kwenye ndoo, akachota kidogo tena, akamimina, bila kuhesabu. Hapo ndipo mteja akafunga kizibo. Wa pili vivyo hivyo. "Moja," na kile kidogo. "Mbili," na kile kidogo. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyeshukuru. Ni nyongeza, kila mtu anaijua, hata mimi nimeinywa miaka yote ile. Maziwa bila nyongeza si kuuziwa, ni kutukanwa.

Nilitoka kwenye foleni bila kusema neno. Aliyekuwa nyuma yangu akasogea, akanisalimia, sikumjibu. Nilikwenda gereji mbio, nikalichukua lile bomba, nikalivuta. Mstari wa tano ni huu hapa. Lakini bomba haliishii hapo. Ukiendelea kuvuta linapita mpaka mstari wa sita kabla halijagota. Mama mkwe alikuwa amenipimia silinda nne za gari la mumewe, kila bomba na nyongeza yake, kwa mkono uleule usiotetemeka, ndiyo maana namba zilikuja sawa, na kila kishimo kilikuwa kimemeza zaidi ya nilichohesabu. Na mimi, kwa heshima yangu yote, nilikuwa nimekaa mbele yake sioni.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba sasa lazima mtu akamwambie.

Ningeweza kupima upya na mtu mwingine. Lakini Garsen ni ndogo, na mama angesikia kabla povu la kwanza halijaisha kwamba mkono wake umekataliwa. Ningeweza kufanya hesabu ya nyongeza kichwani, nikadirie. Injini ya turbo haikadiriwi. Nikamwendea mke wangu, nikamweleza yote. Alicheka kuliko mimi, akasahau kwa muda habari ya picha. Tukaenda wote uani jioni mama aliporudi.

"Mwambie mama," nikasema, macho kwenye vidole vya miguu yangu, "kazi yake ilikuwa nzuri sana. Ila kuna kitu kidogo. Bomba lile linatakiwa liishie mstari wa tano tu."

Mke wangu akageuka. "Mama, anasema unamzidishia."

"Sikusema hivyo."

"Anasema hakusema hivyo, lakini unamzidishia."

Kisha mama akazungumza, polepole, na nikasikia sauti yake imebadilika. "Mwambie fundi, mimi sijampimia mtu bila nyongeza tangu niolewe. Mgeni nampa, mwenye deni nampa, na ninayegombana naye nampa. Sitaanza uchoyo kwa gari la mume wangu."

Sasa hapo ujibu nini? Nilikaa nimeinama. Na nashukuru Mungu kwamba kuna nyakati anampa hata mtu wa hasira maarifa, nikasema, "Mwambie mama nyongeza isikatwe. Ila tuiweke pembeni. Kila akimaliza bomba, ile nyongeza yake aitie kwenye kikombe peke yake. Ikifika mwisho, gari litapewa yote kwa pamoja."

Mama akafikiri. "Litapewa kweli?"

"Anauliza litapewa kweli," akasema mke wangu.

"Nitalimiminia mwenyewe."

Tukapima upya palepale. "Moja," na mchirizi mdogo ukilia kwenye kikombe pembeni. "Mbili," na mchirizi. Povu lilikuwa likipungua taratibu mno, na tisa ikapita, na kumi ikapita, na kila bomba lililopita roho yangu ilikuwa inafunguka. Mabomba kumi na moja na mililita moja. Hamsini na sita. Jumlisha zile kumi, sitini na sita. Nikakimbilia mlango wenye chaki. Nane na nusu, na ushee mdogo usiodhuru mtu. Yule wa Malindi alikuwa amekwangua unene wa ukucha, na ukucha wa binadamu.

Nilimpigia kumwomba radhi. Alinifanya nirudie mara kadhaa akidai mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Zile nyongeza zilijaa robo ya kikombe, nyekundu. Mama alikitunza mpaka nilipofunga injini yote, hakukiacha mezani hata mara moja, na siku ya kuliwasha alikuja nacho mwenyewe akampa mke wangu, mke wangu akanipa mimi. Mafuta ya taa hayana kazi yoyote kwenye tangi la petroli. Nilimimina yote, mpaka tone la mwisho, mbele yake, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na kwa wingi wa petroli iliyokuwamo hayakuweza kudhuru kitu.

Likawaka. Kwanza lilikohoa, likatoa moshi na manyoya ya kuku, kisha likatulia likaunguruma. Watoto wa mtaa wakashangilia. Mama mkwe hakushangilia. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, na najua alikuwa anasikiliza, na najua hakusikia alichotaka, maana turbo haipigi filimbi gari likiwa limesimama. Alitazama kidogo, akaingia ndani.

Nikamwambia mke wangu apande. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa baharini. Tukatoka mpaka lami, nikashika njia ya Minjila polepole, nikisikiliza injini kwa masikio na kwa makalio. Haikugonga. Nikageuza. Na kwa mbele, likielekea Garsen, nikaliona lori, limebeba mabati, fremu za vitanda na bodi ya gari la mtu mwingine. Sikuhitaji kuuliza linakwenda kwa nani.

Nikakanyaga. Ile sauti nyembamba ikaanza. Ikapanda. Mke wangu akanishika mkono, na mwanamke huyu hajanishika mkono garini tangu tuoane. Tukalipita lori filimbi ikilia, na nikamwona dereva wake akichungulia angani. Sikuiachia mpaka tulipokaribia nyumbani. Nilitaka isikike.

Uani shemeji alikuwa na simu masikioni, moja kila sikio, anawaambia watu wa lori warudi. Mama mkwe hakuwapo. Nikazima gari, nikashuka, nikasimama pale sijui niende wapi. Nilitarajia mke wangu aitwe, apewe neno, aniletee. Badala yake pazia la jikoni likafunguliwa, mama akatoka na birika, na mkono wa pili ameshika kikombe cha kijani. Msumari ulikuwa mtupu nyuma yake. Nikashusha macho.

Akaja mpaka mbele yangu. Hakumtazama mke wangu kabisa.

"Umechelewa," akaniambia.

Akanimiminia mpaka mdomoni mwa kikombe, akangoja kidogo, kisha akaongeza. Chai ikafurika vidoleni mwangu, ya moto kweli, na nikanywa yote.